Tupeane uzoefu: mkate wa sikukuu uliowahi kukutia aibu

Ummu Raiyan, Unguja
Assalaamu alaykum, na wengine habari za jioni. Leo nimeroweka mchele wa mkate wa kumimina, na nilipokuwa nikilifunika bakuli nikakumbuka sikukuu mosi ya mwaka nilioolewa, nikaona bora niwasimulie ili nanyi mtoe ya kwenu.

Mama mkwe aliniachia mkate ule peke yangu, kwa kuwa alitaka majirani waonje mkono wa bi harusi. Usiku wa kuamkia Idi nilikuwa nimechoka sana, na kwa haraka zangu nikakamua nazi kwa maji yaliyotoka kuchemka ili tui litoke upesi, nikasagia mchele humo humo, nikatia hamira na hiliki, nikafunika, nikalala. Alfajiri nilikuta rojo limetulia kama maji ya mtungini, bila povu wala harufu ya uchachu. Ningekuwa na akili ningelianza upya, lakini niliogopa mama mkwe asijue, kwa hiyo nikapasha sufuria kwa samli, nikamimina, nikapalia makaa juu ya bati na kumwomba Mungu. Ulitoka mgumu, mzito, umegandana na sufuria, na ndani hauna hata tundu moja.

Mama mkwe hakusema neno. Aliukata vipande, akavipanga kwenye sahani saba, akafunika kila sahani kwa kawa, akawatuma watoto. Mnajua kwamba sahani ya sikukuu hairudi tupu: moja ilirudi na visheti, nyingine na kaimati, nyingine na halua. Ya saba ilirudi na mkate wetu wenyewe. Niliutambua kwa pembe niliyoichimba kwa kisu nilipokuwa nikiubandua.

Wa Kibokoni, Mombasa
Pole sana, dada. Tui la moto limetuumbua wengi.

Babu Mchanga, Pemba
Kosa lilikuwa tui, hilo halina ubishi, kwa sababu hamira ni kitu hai na maji ya moto huiua. Ila nakushauri utie ute wa yai moja baada ya rojo kuumuka, na usikoroge kwa nguvu, la sivyo utayavunja mapovu yote uliyoyasubiri usiku kucha.

Wa Kibokoni, Mombasa
Ute wa yai ni wa wasioujua mchele wao, mzee wangu. Na sisi huku twauita mkate wa sinia.

Babu Mchanga, Pemba
Uiteni mtakavyo. Nilikuwa nikila mkate huu wakati bibi yangu akiuumua kwa tembo la mnazi, kabla hamira ya paketi haijafika dukani kwetu, na ute wa yai alikuwa akitia.

Mkwe wa Tanga
Mimi nina la keki ya matunda, nanyi mtanisamehe kwa urefu.

Nilifunga ndoa Agosti 2014, na Krismasi yangu ya kwanza kwa wakwe nikasafiri kutoka Dar es Salaam nikiwa na keki ya matunda ndani ya mkebe, zawadi ya mwajiri wangu aliyekuwa akirejea kwao Uingereza. Baba mkwe ni mzee wa kanisa la kilokole ambaye hajawahi kuonja kilevi, na akipita karibu na kilabu cha pombe huvuka barabara. Baada ya ibada tukakaa barazani, nikaikata keki. Ilikuwa nyeusi, nzito, ina harufu nzuri ambayo sikuweza kuitambua. Mzee alikula kipande, akaomba cha pili, akaomba cha tatu, akasema mbele ya wageni kwamba tangu azaliwe hajala kitu kitamu namna hiyo, na kwamba mkwewe huyu ameletwa na Bwana.

Kisha akataka kujua imetengenezwa kwa nini ili mama naye ajaribu Pasaka. Mjukuu wake wa kidato cha pili akauchukua mkebe na kusoma kwa sauti, akitafsiri neno moja moja: unga, siagi, mayai, sukari ya kahawia, zabibu, cheri, maganda ya machungwa, brandi. Nilihisi jasho likinitoka mgongoni.

Mzee akauliza, “Hiyo brandi ni tunda gani?”

Watu wote wakanigeukia mimi. Nikasema, “Ni zabibu, baba.”

Akaitikia kwa kichwa, akachukua kipande cha nne. Hadi leo, kila nikifika Tanga mwezi Desemba, huniita kando na kuniuliza kwa sauti ya chini kama ile keki yangu ina zabibu.

Wa Kibokoni, Mombasa
Nimecheka mpaka mtoto ameamka.

Mtenda Haki
Sioni cha kuchekesha. Umemdanganya mzee mchamungu mezani kwake, siku ya Krismasi. Ungemwambia ukweli, naye angeamua mwenyewe.

Mkwe wa Tanga
Brandi hutengenezwa kwa zabibu. Nionyeshe uongo wangu uko wapi.

Jiko la Gesi
Kwani kuna ubaya gani? Kilevi chote huishia kwenye oveni.

Mwalimu wa Sayansi, Morogoro
Hakiishi chote, ndugu yangu. Kinachobaki hutegemea muda wa kuoka na upana wa chombo. Zaidi ya hayo, keki ya matunda ya Kiingereza huokwa majuma kadhaa kabla ya Krismasi, kisha hutobolewa kwa sindano na kunyweshwa brandi mara kwa mara ikiwa imeshapoa, na brandi hiyo haioni moto hata kidogo. Anayetaka rangi na unyevu bila kilevi aroweke zabibu zake usiku kucha katika chai ya rangi au maji ya machungwa.

Mtenda Haki
Nadhani mmesikia.

Babu Mchanga, Pemba
Na tembo la bibi yangu mtalihukumu vipi? Maana mnaanza kunitia wasiwasi na utoto wangu.

Mchagga wa Dresden
Huku nilipo mkate wa Krismasi ni stollen, ambao una umbo la mtoto aliyefungwa nguo za uchanga. Zamani hizo kanisa lilikataza siagi wakati wa mfungo, mkate ukawa mkavu usiolika, mpaka mwaka 1491 Papa Innocent wa Nane alipotoa barua ya kuruhusu siagi kwa sharti la kulipa ada. Basi, ugomvi wa dini na keki haukuanzia Tanga.

Mwaka juzi nilimtumia mama yangu mmoja kule Moshi. Stollen hupakwa siagi na kufunikwa sukari nyeupe ya unga, tabaka zima. Mama alidhani ni ukungu. Aliufuta kwa kitambaa kibichi, akauanika juani siku mbili, kisha akanipigia simu kuniuliza kwa nini Wajerumani wananiuzia mikate iliyooza.

Nassir wa Mkate wa Mayai
Langu ni fupi. Mayai kumi, sukari, unga, hiliki, hakuna hamira wala mafuta. Nilipiga mayai kwa mkono hadi bega likakufa ganzi, na dakika kumi tu baada ya kuupalia moto nikafunua kuchungulia. Ukaporomoka mbele ya macho yangu.

Jiko la Gesi
Ungetia baking pauda.

Nassir wa Mkate wa Mayai
Hiyo itakuwa keki, si mkate wa mayai.

Wa Kibokoni, Mombasa
Ummu Raiyan, hukutuambia ni jirani yupi aliyeurudisha.

Ummu Raiyan, Unguja
Nilimnunia yule mama wa nyumba ya saba kwa miaka tisa, hata harusini kwake nilikaa safu ya nyuma. Mwaka jana shemeji yangu mdogo, ambaye wakati ule alikuwa na miaka minane na ndiye aliyetumwa, alikiri kwamba alionja kipande njiani, akanionea huruma, akazunguka nyumba na kurudi bila kubisha hodi.

Nimeshakamua tui, na safari hii ni kwa maji ya vuguvugu.

Babu Mchanga, Pemba
Ute wa yai usisahau.