Ushauri wenu wakuu: vifaa vya sauti vya mikutano ya mtandaoni ofisini

Mkutano Saa Nne: Wakuu habarini, naombeni msaada wa haraka. Nimepewa kazi ya kuchagua vifaa vya sauti kwa ajili ya vikao vya mtandaoni hapa kazini, tupo watu 12, meza ndefu, wateja wako mbali wanalalamika hawatusikii na sisi tunawasikia kwa shida. Nipo kati ya spika mbili kubwa zenye mikisa yake (ile mashine ya kuchanganya na kurekebisha sauti) au kile kidude chenye spika na maiki humohumo cha kuweka katikati ya meza. Kipi kina sauti kubwa zaidi? Wiki hii iwe imeisha.

Fundi Nyaya: Sauti kubwa liwe swali la mwisho mkuu. Chumba kikoje? Vioo? Vigae? Sauti ikigonga vioo inarudi kwenye maiki imechelewa, huko kwa wateja mnasikika kama mnaongea mkiwa kisimani. Halafu umbali, mtu akikaa mbali na maiki mara mbili ya mwanzo sauti yake yenyewe inashuka kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) lakini mwangwi wa chumba uko palepale. Meza ndefu inataka kifaa chenye maiki za nyongeza, za waya, kila upande.

Bi Hesabu: Sisi tulihangaika weee, kumbe kila mtu anaingia kikaoni na laptopu yake humohumo chumbani, maiki wazi! Ule mlio sitausahau. Na bosi wa wakati huo alikuwa anabofya kalamu kikao kizima, wateja wakadhani kwetu kunanyesha 😂

Kaka Mkubwa: Vikao vingi vinatosha kuwa barua pepe. Watu wajifunze kusikilizana kwanza, vifaa baadaye.

Mkutano Saa Nne: Vioo ndiyo, pande mbili. Lakini jamani nimeuliza sauti kubwa. Kwetu spika kubwa ni lazima.

Fundi Nyaya: Lazima kwa nini? Watu 12 hawahitaji spika za ukumbini. Kuna kitu hujasema.

Mkutano Saa Nne: Haya. Mwenye kampuni umri umeenda, sikio moja karibu halisikii na hataki mtu ajue. Akikosa neno la mteja anakisia, na majuzi kakubali kitu ambacho mteja hakukisema kabisa. Yule mzee ndiye aliyeniajiri nikiwa sina mbele wala nyuma, sitaki aaibike mbele ya vijana. Ndo maana nataka spika. Na advansi nimeshatoa, muuzaji mtu mwelewa, zina na Bluetooth, kwa hiyo sioni kama ni uamuzi mbaya.

Nesi wa Zamu: Ungeanza na hilo ndugu yangu. Masikio ya uzeeni mara nyingi yanaanza kupoteza sauti nyembamba, na humo ndo zilimo s, f na sh. Mtu anasikia kabisa kwamba unaongea ila maneno hayashiki. Ukipandisha sauti unamwongezea ngurumo tu. Marehemu baba tulikuwa tunampazia sauti nyumba nzima, anajibu "mbona mnanifokea?" na neno lenyewe hajalipata. Mzee apimwe masikio, tena mapema.

Fundi Nyaya: Nesi kamaliza. Wateja wakipiga kwa laini ya simu ya kizamani inapita hezi 300 mpaka 3400 tu, yaani sauti nyembamba za juu zinakatwa, hapo s na f hata mwenye masikio mazima anazichanganya. Waingie kwa programu ya intaneti, sauti inakuwa pana zaidi. Na hizo spika ndani ya vioo zitarudisha sauti ya wateja kwenye maiki zenu, kifuta mwangwi, kile kinachozuia wateja wasijisikie wenyewe, kitazidiwa kianze kukata maneno yenu. Mzee mpe hedifoni nzuri za waya. Bluetooth nyingi ukiwasha na maiki yake, sauti inashuka ubora.

Mkutano Saa Nne: Hedifoni peke yake hatavaa. Namjua.

Shahidi Namba Mbili: Ngojeni kwanza. Mtu kaanza na "kipi kina sauti kubwa", mara mzee mwenye siri, mara muuzaji mwelewa. Stori ya kutunga hii, subirini kesho mtawekewa jina la duka.

Kaka Mkubwa: Na mimi hapo kwa muuzaji nilishtuka.

Bi Hesabu: Hata kama katunga, mjomba wangu yuko hivyohivyo. Nesi nakuja inbox.

Mkutano Saa Nne: Duka sijataja na sitataja. Yule mzee anakaa kiti cha mwisho upande wa dirishani ili sikio lake zuri lielekee spika ya sasa, na aliyemhamishia pale ni mimi, nilisingizia kiyoyozi. Anayetaka kuamini aamini.

Fundi Nyaya: Mimi nakuamini. Basi fanya hivi, kikao cha wateja kila mtu akae mezani kwake na hedseti yake ya waya (hedifoni yenye maiki), wote 12. Mzee hatakuwa peke yake na vioo mmevikwepa. Maandishi ya papo hapo, yale yanayoonyesha kwenye skrini maneno yanayosemwa, yawashwe kwa wote kama programu inaishika lugha yenu. Spika zimeshafika?

Mkutano Saa Nne: Zimefika. Muuzaji anasema boksi likifunguliwa hazirudi.

Fundi Nyaya: Umefungua?

Mkutano Saa Nne: Bado. Mzee mwenyewe alitaka kuzijaribu leo jioni, nimemwambia hakuna waya wa kuunganishia.

Nesi wa Zamu: Mjaribishe hedseti hiyo jioni, nawe uvae ya kwako.