Migongo ya karata haikai katikati baada ya kukatwa kwa mashine: kosa liko wapi?

Kete_Saba

Habari zenu, ndugu wachezaji na watengenezaji.

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikibuni mchezo wa ubao wa watu wanne, ambao uhai wake wote uko katika karata 72 zinazoshikwa mkononi na kufichwa, kwa kuwa kila mchezaji anapaswa kukisia mwenzake ameshika nini. Nilipochoka kukata kwa rula na mkasi, nilijipatia mashine ndogo ya nyumbani ya kukatia karatasi, ile inayoongozwa na kompyuta, yenye mkeka wa kunata na jicho linalosoma alama nyeusi zilizochapwa pembeni mwa ukurasa. Karata zangu ni za ukubwa uliozoeleka, yaani milimita 63.5 kwa 88.9, nami hupanga nane katika karatasi ya A4 iliyolazwa, safu mbili za nne nne. Karatasi ni ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Huchapa uso kwa printa ya wino, huigeuza karatasi kwa mkono, huchapa mgongo, kisha huibandika kwenye mkeka uso ukiwa juu.

Nyuso hutoka vizuri kabisa. Shida iko mgongoni, ambako nimechora fremu nyeupe ya milimita 3 kuzunguka pande zote. Baada ya kukata, fremu hiyo huwa pana upande mmoja na nyembamba kama uzi upande wa pili. Baya zaidi ni kwamba uhamaji wenyewe haufanani: karatasi ya kwanza imesogea kidogo, ya pili imesogea zaidi, ya tatu imekaa mshazari. Juzi tulipojaribu mchezo, raundi mbili hazikuisha kabla ndugu yangu hajaanza kuitambua karata ya Msaliti kwa kuitazama mgongo tu, na mchezo ukafia hapo.

Nimesawazisha jicho la mashine mara tatu kwa kufuata maelekezo yake, wala sijaona tofauti yoyote. Pia nina matatizo mawili madogo: pembe za karata zinachanika na kubaki na nyuzinyuzi, na karata zikishabanduliwa kwenye mkeka zinajikunja kama ganda la mti. Nitashukuru kwa msaada wa yeyote aliyeyapitia haya.

Fundi_Makaratasi

Ndugu Kete_Saba, iache mashine ya kukatia, maana haina hatia. Jicho lake linasoma alama za upande wa uso peke yake. Halijui kwamba karatasi ina mgongo, wala halina njia ya kujua. Kosa lako lilizaliwa mapema zaidi, ndani ya printa, pale karatasi ilipovutwa kwa mara ya pili. Roli za printa huikamata karatasi zikiteleza kidogo, na karatasi ya gramu 300 huteleza kuliko nyepesi kwa sababu inakataa kupinda njiani. Hata printa zinazojigeuzia karatasi zenyewe huwa na uhamaji wa namna hii, na milimita moja si jambo la kushangaza. Ndiyo maana kusawazisha jicho mara tatu hakukubadilisha kitu.

Kabla hujaharibu karatasi nyingine, fanya jaribio hili. Chora msalaba mwembamba katikati ya ukurasa, uchape pande zote mbili za karatasi tano za aina hiyohiyo unayotumia, kisha toboa kwa pini pale mistari ya msalaba wa uso inapokutana, ugeuze, na upime umbali kutoka kwenye tundu hadi kwenye msalaba wa mgongo. Utapata vipimo vitano. Wastani wake ndio uhamaji wa kudumu wa printa yako, na huo unatibika: sogeza picha zote za mgongo ndani ya faili kwa kiasi hicho kuelekea upande ulio kinyume. Tofauti inayobaki kati ya karatasi moja na nyingine ni ya kubahatisha, na hiyo haina dawa ndani ya faili. Hakikisha pia kwamba pande zote mbili zinachapwa kwa asilimia 100, kwa sababu programu nyingi hujiamulia kuupunguza ukurasa ili utoshe. Uso ukichapwa kwa 100 na mgongo kwa 97, kingo za karata za mwisho kulia na kushoto zitahama karibu milimita 4, na hapo utatafuta mchawi bure.

Baada ya hapo, ondoa fremu. Naelewa kwamba inapendeza, lakini fremu nyembamba ndiyo inayomtangazia kila mtu kosa la nusu milimita, kosa ambalo bila fremu lisingeonekana. Weka mgongoni nakshi inayopita ukingo wa karata kwa milimita 3 kila upande, ili kisu kikikosea kikate ndani ya rangi, si kwenye weupe. Hata hivyo, usidhani kwamba kuondoa fremu kunamaliza kila kitu. Nakshi kubwa zenye mpangilio, kama almasi au mistari minene, zikikatwa pasipo usawa huacha almasi nzima ukingo mmoja na nusu almasi ukingo wa pili, na mwenye macho makali atazisoma. Jambo hili limewahi kufika mahakamani: mwaka 2012 mcheza kamari Phil Ivey alishinda takriban pauni milioni 7.7 katika kasino ya Crockfords, London, kwa kutumia tofauti ndogo za kingo za migongo ya karata, akishirikiana na mwenzake aliyemwomba mgawaji azigeuze baadhi ya karata. Kasino ilikataa kumlipa, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikamkatalia rufaa yake. Hizo zilikuwa karata za kiwandani, sembuse zetu za mezani. Kwa hiyo chagua nakshi ndogondogo isiyo na mpangilio, mfano wa chembe za mchanga au madoadoa, au rangi moja tupu. Nakshi ya namna hiyo haina katikati, na kitu kisicho na katikati hakiwezi kuonekana kimehama.

Mkeka_Mkuukuu

Fundi amemaliza habari ya migongo, nami nitasema kuhusu pembe na kujikunja.

Kisu cha mashine hizi huburutwa. Ncha yake imekaa kando kidogo ya mhimili, nacho huzunguka chenyewe kufuata mwelekeo wa mwendo, kama gurudumu la mbele la kiti cha magurudumu. Kikifika kwenye pembe kali ya nyuzi 90 kinalazimika kugeuka papo hapo kikiwa ndani ya karatasi, na kwa karatasi nene kugeuka huko ndiko kunakochana nyuzi. Zungushia pembe zako duara la nusu kipenyo cha milimita 3, ambalo ndilo linalokaribiana na karata nyingi za dukani, na kisu kitageuka polepole. Faida ya pili ni kwamba pembe ya mviringo haipondeki upesi wakati wa kuchanga karata.

Usijaribu kuimaliza karatasi ya gramu 300 kwa pigo moja la nguvu. Punguza nguvu, punguza na mwendo, kisha uiamuru mashine ipite mara mbili au tatu juu ya mstari uleule. Kata kwanza mraba mdogo kwenye pembe ya karatasi isiyotumika, uutoe, uutazame. Ukiona umetoka wenyewe na mkeka haukuchimbwa, basi umefika. Mara kwa mara fungua kishikio cha kisu na uondoe vumbi la karatasi, kwa kuwa chembe moja iliyokwama hukizuia hata kisu kipya kisizunguke. Mimi nina kisu cha karatasi nene peke yake, na kingine cha stika, wala havibadilishani kazi, na watu wa nyumbani wameshaacha kunicheka.

Kuhusu kujikunja, nina hakika unaibandua karata kutoka kwenye mkeka. Fanya kinyume chake: pindua mkeka wote ulale kifudifudi mezani, ushikilie karata zilale bapa, kisha uukunje mkeka uondoke kwao. Anayepinda awe mkeka, maana yeye amezoea. Kama mkeka ni mpya na unang'ang'ania mno, ubandike na kuubandua kwenye kitambaa safi cha pamba mara kadhaa ili upungue ukali.

Bi_Turufu

Nawasikiliza kwa heshima, ila naona tunamsaidia ndugu yetu kupanda mlima ambao hahitaji kuupanda kwa sasa. Mchezo wake bado unajaribiwa. Wiki ijayo atabadili maneno ya karata kumi, wiki inayofuata ataongeza nyingine sita, na kila mara atachapa pande mbili, atapima na kusogeza, ilhali karata mpya hazitafanana rangi na zile za zamani kwa sababu wino na karatasi havitoki sawa kila siku. Karata inayotambulika kwa rangi yake ni karata iliyotiwa alama, hata kama imekatwa kwa usahihi wa ajabu.

Ushauri wangu ni kwamba chapa nyuso tu, kwenye karatasi nyepesi ya gramu 120 hivi, uzikate kwa mashine, na kila moja uitie kwenye kifuko cha plastiki chenye mgongo wa rangi usiopitisha mwanga, ikiwa na karata kuukuu nyuma yake ili iwe ngumu. Migongo yote itakuwa sawasawa kwa kuwa imetoka kiwandani, na kubadili maneno kutakuwa kazi ya kuchomoa na kuchomeka. Punguza upana na urefu wa karata zako kwa nusu milimita ili ziingie bila kugombana na kifuko. Kasoro ninayoikubali ni kwamba karata 72 ndani ya vifuko huwa rundo nene linaloteleza, na kulichanga kunahitaji mikono yenye subira.

Siku mchezo utakapotulia, ndipo urudi kwenye ushauri wa Fundi. Hata hapo, badala ya kuchapa pande mbili, ningekushauri utumie karatasi mbili za gramu 150, moja ya nyuso na nyingine ya nakshi, uzigandishe kwa gundi ya kupuliza kabla ya kukata, na uzilaze chini ya vitabu vizito usiku kucha. Nakshi ikiwa haina katikati, kama ilivyoelezwa hapo juu, huna haja hata ya kulenganisha karatasi hizo mbili. Gundi ya maji iepuke, maana huivimbisha karatasi na kuipinda.

Kete_Saba

Nawashukuru nyote, na wewe Bi Turufu kwa namna ya pekee, kwa sababu sikuwa nimefikiria kwamba wino wa leo na wa mwezi ujao vinaweza kuitoboa siri.

Nimefanya jaribio la pini. Karatasi zote tano zimehamia kulia, kwa wastani wa milimita 1.2, na tofauti kati ya iliyohama sana na iliyohama kidogo ni milimita 0.8. Niligundua pia kwamba mgongo ulikuwa ukichapwa kwa asilimia 98, jambo ambalo sikuliamuru. Kwa majaribio nitatumia vifuko. Kwa seti ya mwisho nataka kutumia karatasi mbili zenye gundi, kisha niifunike kwa laminesheni, yaani utando wa plastiki, nyembamba yenye mng'aro. Nilipojaribu kipande kimoja chenye mng'aro huo, mashine ilikataa kabisa kuziona alama. Je, nikate kwanza, kisha nifunike?

Fundi_Makaratasi

Hapana, ukifunika baada ya kukata itakubidi ukate mara ya pili, na mara hii bila alama. Jicho la mashine hutegemea tofauti kati ya weusi unaomeza mwanga na weupe unaourudisha. Mng'aro huurudisha mwanga kama kioo, hata ulioangukia kwenye weusi, na jicho linapofuka. Bandika juu ya kila alama kipande cha tepu angavu isiyong'aa, ile ambayo ukiibandika kwenye karatasi haionekani na unaweza kuiandikia kwa penseli. Kilaze bapa bila mapovu, na kivuke ukingo wa alama pande zote. Zima pia taa inayopiga juu ya mashine, au iwekee kivuli kwa kipande cha kadibodi wakati wa kusoma.

Kisha ongeza pito moja la kisu, kwa sababu sasa kinakata plastiki juu ya karatasi. Chagua filamu inayogandishwa kwa joto, kwani hiyo hushikamana na karatasi yenyewe na haifunguki kirahisi kwenye ukingo uliokatwa. Jaribu karata mbili tu kwanza, uzikunje kidogo kwa vidole kama unayezichanga, uone kama ukingo unaachia.