Zahanati zikitaka kupiga hesabu pamoja bila kuonyeshana data za wagonjwa, kwa mtandao wetu huu inawezekana?

kijana_wa_Chemba:
Mbukwenyi wadau, poleni na majukumu. Nipo mwaka wa pili wa masta ya sayansi ya kompyuta hapa Dodoma, andiko langu la utafiti limerudishwa mara mbili na nimekwama, naomba mawazo kabla sijalipeleka tena.

Iko hivi, nataka kutengeneza modeli (programu inayojifunza kutoka kwenye data za nyuma) ya kumsaidia nesi wa zahanati ajue mapema mama gani yupo kwenye hatari ya kifafa cha mimba ili apewe rufaa mapema, maana kutoka kijijini kwetu hadi hospitali ukishachelewa umechelewa. Sasa zahanati moja peke yake haina data ya kutosha kufundishia modeli, lazima ziungane za Chemba, Kondoa, Kongwa na Mpwapwa. Mpango wangu ulikuwa kila zahanati inatuma faili la Excel kwenye seva moja mjini, majina tunayatoa, na ili mama akihama zahanati tumtambue tunaweka namba yake ya simu iliyopitishwa kwenye heshi ya SHA-256 (hesabu inayoigeuza namba kuwa msimbo usiotakiwa kurudishwa nyuma), basi.

Msimamizi kaandika pembeni "faragha iko wapi?" na juu ya mchoro wa seva kaandika "mtandao ukikatika je?" hakuna maelezo mengine. Mimi nilijua jina likishatoka na namba ikishapita kwenye heshi kazi imeisha. Nakosea wapi?

nesi_wa_zamu:
Mdogo wangu, mimi ni nesi, kompyuta naijua ya kuingizia taarifa tu, lakini hilo la "majina tumetoa" naomba nikwambie kitu nilichokiona kwa macho yangu.

Miaka ya nyuma kituo nilichokuwa nafanya kazi (sitakitaja) walituma orodha ya waliopotea kliniki ya dawa kwenye kundi la WhatsApp la wahudumu wa jamii ili wafuatiliwe. Nia nzuri kabisa, na majina walitoa. Kikabaki jinsia, umri, kitongoji na tarehe ya mwisho kuchukua dawa. Mstari mmoja ulisomeka hivi, KE, 34, mjamzito, na kitongoji chake. Kitongoji kile kina kaya kama arobaini, sasa mjamzito wa miaka 34 pale walikuwa wangapi? Mmoja tu. Binamu yangu. Jioni ile ile walishamjua, mume akaambiwa na watu kisimani kabla hajaambiwa na mke wake, na mpaka leo binti yule anaishi Manyoni, kwao harudi. Hakuna aliyeandika jina lake popote.

Halafu hiyo namba ya simu, wengi wanaandikisha simu ya mume au ya jirani mwenye simu, wajawazito watatu wa nyumba moja unawakuta na namba moja kwenye kitabu cha MTUHA, yaani daftari la taarifa za kituo. Modeli yako itawaona ni mama mmoja aliyebeba mimba tatu kwa mkupuo.

fundi_wa_AreaC:
Dada nesi pole sana, na hicho ulichosimulia ndicho wenzetu walikuja kukithibitisha kwa hesabu. Latanya Sweeney, mtafiti wa faragha wa Marekani, alionyesha kwamba kwa data za sensa ya Marekani ya 1990, ukiwa na tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta tu unaweza kumtofautisha mtu mmoja na wengine wote kwa kama asilimia 87 ya wananchi wa kule. Na alifanya kwa vitendo, jimbo la Massachusetts lilitoa data za hospitali za watumishi wake bila majina, yeye akanunua daftari la wapiga kura wa mji wa Cambridge kwa dola 20, akaunganisha, akampata gavana William Weld mwenyewe. Kwenye daftari watu sita tu walizaliwa siku moja na gavana, watatu wanaume, mwenye namba ile ya posta ni yeye peke yake. Sasa mji mzima umeshindwa kumficha gavana, kitongoji cha kaya arobaini kitamfichaje mama mmoja?

Kuhusu heshi kaka, hapo umejidanganya kweli. Namba zetu za simu za mkononi zinaanza na 06 au 07 halafu tarakimu nane, jumla milioni 200 basi. Laptopu ya kawaida inapitisha zote kwenye SHA-256 kwa dakika chache, unatengeneza jedwali, unarudisha kila namba ilikotoka. Heshi ni nzuri kama kitu chenyewe hakikisiki, namba ya simu inakisika yote.

Ushauri wangu, acha kusafirisha data, safirisha hesabu. Mwaka 2017 McMahan na wenzake wa Google walichapisha njia ya kufundisha modeli data ikiwa imebaki kwenye simu za watu, wanaita federeti lening, mimi huwa nasema kufundisha kwa ushirika. Seva inatuma modeli kwa kila zahanati, zahanati inaifundisha kidogo kwa data zake za ndani, inarudisha mabadiliko ya namba za modeli tu, seva inapiga wastani, mnarudia. Na kwa kuwa kila mmoja anafanya kazi kubwa kwake kabla ya kutuma, wao waliona raundi za mawasiliano zinapungua mara 10 mpaka 100. Kwa bando zetu hilo si dogo. Modeli ya namba milioni moja, kila namba baiti 4, ni MB 4 kwenda na MB 4 kurudi kila raundi, raundi 100 ni MB 800 kwa zahanati moja. Yako ya wajawazito haihitaji hata namba elfu kumi.

Ila usije ukamwandikia msimamizi kwamba data haikutoka kwa hiyo faragha imetimia, atakurudisha tena. Mwaka 2019 watafiti wa MIT walionyesha kwamba kutoka kwenye gradienti peke yake, yaani zile hesabu za kuibadilisha modeli zinazorudishwa kwa seva, unaweza kuirudisha picha iliyotumika kufundishia. Kwa hiyo seva isione mchango wa zahanati moja moja, ione jumla tu.

kijana_wa_Chemba:
Asante sana dada nesi, nimesoma nikanyamaza kwanza. Asante kaka. Sasa hapo mwisho ndipo ninapopotea, seva itapataje jumla bila kuona vinavyojumlishwa?

fundi_wa_AreaC:
Chukua zahanati tatu, A ina wagonjwa 12, B 7, C 20. Kabla ya kutuma, A na B wanakubaliana namba ya siri wao wawili, tuseme 50, A anajumlisha, B anatoa. A na C wanakubaliana 30, A anajumlisha, C anatoa. B na C wanakubaliana 11, B anajumlisha, C anatoa. Sasa A anatuma 92, B anatuma -32, C anatuma -21. Seva ikiangalia 92 haijui chochote kuhusu 12. Ikijumlisha zote tatu inapata 39, na 12 na 7 na 20 ni 39. Siri zote zimeuana zenyewe. Kwenye kazi halisi namba za siri zinachotwa kwa bahati nasibu kutoka kwenye kundi kubwa sana, ila wazo ni hilo hilo.

mama_wa_mitandao:
Mwanangu nimefurahi kuona huu uzi, nimefundisha mifumo sambazwa (kompyuta nyingi zinazofanya kazi moja kupitia mtandao) miaka mingi na wanafunzi wengi wanaigawa hii mada mafungu mawili, faragha huku, mtandao kule, wakati msimamizi wako kakuandikia swali moja mara mbili.

Rudi kwenye mfano wa fundi. Zahanati C imeshakubaliana siri zake, kabla haijatuma umeme wa sola umeisha au mnara umezima. Seva ina 92 na -32, jumla 60, wakati wagonjwa wa A na B ni 19. Zile 30 na 11 za C hazijauawa, jumla yote imeharibika. Zahanati moja ikikatika raundi nzima imekufa, na Februari mvua zikikolea utakosa zahanati kadhaa kila siku. Bonawitz na wenzake, 2017 pia, walitibu hili kwa kutumia njia ya Shamir ya 1979 ya kugawa siri vipande, kila zahanati inawaachia wenzake vipande vya siri yake mapema, ikipotea waliobaki wakifika idadi fulani wanaunganisha vipande na kuiondoa ile mabaki. Lakini angalia hatari yake, C haikufa, ilichelewa tu, mchango wake unafika baada ya siri zake kufunguliwa, seva inabaki na 20 ya C wazi kabisa! Kwa hiyo waliongeza siri ya pili ya kila mshiriki mwenyewe, na sheria kwamba kwa mshiriki mmoja utafungua aina moja ya siri, kamwe si zote mbili. Kwao wanaokatika ni simu za watu zilizochomolewa chaji. Kwako zahanati zitakuwa kumi na tano, tatu zinakatika kila siku na ni zile zile za mbali. Utaweka idadi gani ya kufungulia siri? Ukiweka ndogo, wachache wakishirikiana na seva wanamfungua mwenzao, ukiweka kubwa, mvua ikinyesha hamna kinachofanyika. Hapo ndipo utafiti wako ulipo mwanangu.

Jingine, jumla nayo inasema. Jana jumla bila zahanati moja ni 39, leo nayo ikiwemo ni 40, umeshajua ile zahanati ilikuwa na mgonjwa mmoja. Ndiyo maana Dwork, McSherry, Nissim na Smith mwaka 2006 walikuja na faragha ya tofauti, unaongeza kelele iliyopimwa, yaani namba ndogo ya bahati nasibu, ili jibu lisibadilike sana mtu mmoja awemo au asiwemo. Kwenye jumla ya elfu tatu kelele ya moja au mbili haionekani, kwenye zahanati ya wagonjwa watatu inaharibu kila kitu, kwa hiyo usiripoti kwa kitongoji, ripoti kwa wilaya.

Na usisahau kishikwambi chenyewe cha kuingizia taarifa pale zahanati. Chaji ikiisha kabisa tarehe inaweza kurudi nyuma miaka, ukitumia saa yake kuamua rekodi ipi ni mpya, ya leo itafutwa na ya mwaka jana. Mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport alishaeleza mwaka 1978 namna ya kupanga matukio kwa kuhesabu badala ya kutazama saa, msome, ni kurasa chache.

nesi_wa_zamu:
Mama hapo kwenye kuripoti kwa wilaya nimekuelewa bila kompyuta. Na vibali je? Maana tukiulizwa ni sisi wa dirishani.

mama_wa_mitandao:
Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya zimo kwenye kundi la taarifa nyeti. Kibali cha maadili ni lazima, hata kama data haitoki zahanati, kwa sababu modeli inaisoma.

kijana_wa_Chemba:
Nimefuta ukurasa mzima wa seva na heshi. Swali langu sasa linasomeka hivi: zahanati kumi na tano, tatu zinakatika kila siku na ni zile zile, idadi ya kufungulia siri iwe ngapi ili hesabu iishe na hakuna zahanati inayoonekana peke yake? Naanza kwa kurekodi mwezi mzima ni saa ngapi mtandao unakatika kwenye zahanati nne za kwetu, data za wagonjwa sigusi kabisa kwa sasa. Dada nesi, nikimaliza fomu ya ridhaa naomba uisome wewe kwanza kabla ya msimamizi.

nesi_wa_zamu:
Niletee. Na uiandike kwa Kiswahili cha mama wa kliniki, wengine nitawasomea mwenyewe.