Naomba ushauri: kuwapeleka wakwe mgahawa wa Kijapani, Düsseldorf, Ujerumani

Habari zenu wapendwa. Wakwe zangu wanakuja kututembelea, na mume wangu anataka tuwapeleke kwenye mgahawa wa Kijapani wa asili, kule mtaa wa Immermannstraße, ule wa kuvua viatu na kuketi kwenye mikeka ya tatami. Mama mkwe magoti yanamsumbua sana. Nikipiga simu, naweza kuomba meza yenye shimo la kuteremshia miguu?

Kubwa zaidi ni chakula. Sisi ni Waislamu, na mirini, mvinyo mtamu wa mchele wa kupikia, ambayo ina kilevi, huingia kwenye mchuzi wa teriyaki, hata kwenye samaki aina ya mkunga wa kuchoma. Wapishi hukubali kuiacha, au niwaagizie sashimi (vipande vya samaki mbichi) na wali mtupu? Nataka wazee wale kwa amani. Vijiti najua havisimikwi wima kwenye wali, hiyo ni desturi ya msibani kwao. Waliokwisha kula huko, nielekezeni kabla sijaweka nafasi.