Waranti ya miaka 10 ya mota ni kiinimacho, mashine za kufulia zinafia kwingine

Wakuu, kabla hamjauliza: risiti ninayo, kadi ya waranti ninayo, jina la duka silitaji. Nimezunguka maduka mengine nikakuta stika ileile na maneno yaleyale, kwa hiyo ukilikwepa hilo utaangukia kwa jirani yake. Nimekasirika na nitaandika kirefu. Mwenye haraka apite tu.

Mashine ni ya mlango wa mbele, kilo 8, inverta, na kifuani ina stika ya dhahabu: MIAKA 10. Haijafika hata nusu ya hiyo. Ilianza kunguruma ikikamua, mngurumo ukakua hadi jirani wa ukuta wa pili akawa anajua ratiba yetu ya kufua, halafu shuka nyeupe zikaanza kutoka na mabaka ya grisi na kutu. Nikapiga simu. Kijana wa huduma kwa wateja, mpole kweli kweli, akaniuliza: "Kaka, mota inazunguka?" Nikamwambia inazunguka. "Basi miaka kumi ni ya mota tu. Vingine vyote ni mwaka mmoja."

Hebu tuelewane hapa, maana wengi tunanunua kwa stika hiyo. Mota za zamani zilikuwa na kaboni zinazosuguana, zikiisha unabadilisha. Mota ya inverta haina kaboni, kwa hiyo ni miongoni mwa vitu vya mwisho kufa kwenye mashine nzima. Mtengenezaji analijua hilo vizuri kuliko mimi na wewe. Ni kuuziwa gari kwa dhamana ya miaka 10 ya usukani. Na siku mota ikigoma kweli, kilichoungua kinaweza kuwa bodi ya kielektroniki inayoiendesha, na bodi haimo kwenye waranti ya mota. Ufundi na usafiri navyo juu yako. Soma maandishi madogo nyuma ya kadi, yapo.

Sasa kinachoua ni nini? Kwanza sili ya nyuma ya dramu, ule mpira unaozuia maji yasipite. Sili ikichoka, maji ya sabuni yanaingia kwenye beringi, grisi inaoshwa, beringi inaanza kulia. Ukisikia mngurumo kama wa ndege inayopaa, ndio huo. Pili ni spaida, ule msalaba wa alumini wenye mikono mitatu unaoshika dramu kwa nyuma. Dramu ni chuma kisichoshika kutu, spaida ni alumini, na metali mbili tofauti zikikaa pamoja ndani ya maji yenye chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Mimi niko Kigamboni. Maji ya visima vya huku mnayajua, chai yenyewe inakuwa na chumvi. Ongeza unga wa kufulia kwa mikono, ule wa povu jingi ambao haukutengenezewa mashine ya mlango wa mbele: mabaki yake yanaganda nyuma ya dramu na kuendelea kuila spaida hata mashine ikiwa imezimwa. Tatu ni bodi, na hapo umeme wetu wa kukatika na kurudi kwa kishindo sihitaji kuueleza.

Yote hayo ningeyasamehe. Vitu vinachakaa. Kilichonitoa machozi ya hasira ni fundi alipoifungua.

Beringi za mashine hizi si kitu cha ajabu. Zangu zilikuwa 6205 na 6206, namba zinazopatikana kwenye maduka ya spea za magari na pikipiki, na zote mbili hazifiki bei ya kuku wawili. Lakini huzifikii. Tanki la plastiki linalozunguka dramu, ambalo zamani lilikuwa vipande viwili vilivyofungwa kwa boliti, siku hizi kwenye modeli nyingi linachomelewa moja kwa moja kiwandani. Langu halikuwa na boliti hata moja. Ukiuliza spea rasmi unaambiwa ununue tanki zima na dramu yake, ukipigiwa hesabu na usafiri inakaribia nusu ya mashine mpya, na bado usubiri iagizwe. Kwa maneno mengine, kitu cha elfu kadhaa kimefungiwa ndani ya kitu cha laki kadhaa, makusudi.

Mafundi wetu wamelitafutia dawa, na hapa nawavulia kofia. Wanalipasua tanki kwa msumeno kwenye mshono, wanatoboa matundu pembeni, wanabadilisha beringi na sili, kisha wanalifunga kwa boliti na silikoni. Inafanya kazi, nimeona zilizokaa miaka baada ya upasuaji huo. Yangu ilipasuliwa, tukakuta mkono mmoja wa spaida umeliwa hadi unamegeka kwa vidole. Spaida peke yake mjini hakuna. Fundi akaangalia, akanywa maji, akasema, "Bosi, hii tuiache."

Najua kuna atakayekuja na hoja kwamba vya zamani vilikufa vilevile, sisi tunaviona vile vichache vilivyobaki. Mama mdogo Tanga ana mashine ya kitufe cha kuzungusha, iliyoletwa kutoka Muscat watoto wake wakiwa shule ya msingi, leo wana watoto wao na bado inafua. Sawa, hiyo ni moja. Lakini Ujerumani walikaa wakahesabu. Shirika lao la mazingira, Umweltbundesamt, lilitoa utafiti ukionyesha kwamba sehemu ya mashine kubwa za nyumbani zilizolazimika kubadilishwa kwa hitilafu ndani ya miaka 5 ya mwanzo ilipanda kutoka asilimia 3.5 mwaka 2004 hadi asilimia 8.3 mwaka 2012. Wastani wa umri wa mashine hizo ulikuwa bado kama miaka 13, kwa hiyo si kila kitu kinakufa mapema. Zinazokufa mapema ndizo zimeongezeka, na huko maji ni masafi na umeme hauchezi. Piga hesabu ya Kigamboni mwenyewe.

Wenzetu angalau wana pa kushika. Kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza Machi 2021 zinamlazimisha mtengenezaji kuweka spea za mashine ya kufulia kwa miaka 10 baada ya modeli kuacha kuuzwa, na kuzifikisha ndani ya siku 15 za kazi. Beringi na spaida zimetajwa humo. Msishangilie sana: kanuni hiyohiyo inaruhusu dramu, spaida na beringi ziuzwe kama fungu moja, yaani mchezo ule wa tanki zima bado una mlango. Ufaransa walikwenda mbali zaidi, tangu 2015 kufupisha umri wa bidhaa kwa makusudi ni kosa la jinai, kifungo hadi miaka 2 na faini ya hadi euro 300,000. Sisi tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayomlinda mlaji, lakini umeshamwona nani anaikumbuka akiwa kaunta anaandikiwa risiti?

Haya, nguo zinarundikana na mama watoto hataki hadithi. Nimeanza kutafuta nyingine, na safari hii nauliza mimi kabla ya muuzaji kufungua mdomo. La kwanza: tanki lina boliti au limechomelewa? Wauzaji wengi hawajui hata swali linamaanisha nini. Mwambie afungue kifuniko cha nyuma, umulike na simu kwenye mshono. La pili: bodi ya modeli hii ipo mjini leo, na ni bei gani? Akisema "tunaagiza", tafsiri yake unaijua. La tatu ni kasi ya kukamua, na hapa tunadanganyika vibaya. Wanatuuzia mizunguko 1400 kwa dakika kama sifa. Nguvu inayotikisa beringi nguo zikikaa upande inakua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka 800 kwenda 1400 ni kama mara tatu. Ulaya wanaihitaji, nguo wanazianika ndani wakati wa baridi. Dar es Salaam, jua hili, 1400 ya nini? Hata ukiwa nayo, iweke 800 uache kamba na jua vimalizie.

Za mtumba kutoka Ulaya nazifikiria kwa uzito. Umeme wao ni volti 230 kama wetu, na mashine ya Kijerumani ya miaka ya nyuma mara nyingi unaikuta na boliti zake. Miele wenyewe husema mashine zao zinapimwa kwa matumizi sawa na miaka 20, mpya siiwezi hata kwa mkopo. Za Japani ziko safi lakini ni volti 100, utahitaji transfoma, na transfoma feki itakuachia majivu. Ukienda kukagua mtumba, usikubali kuonyeshwa taa zikiwaka tu. Fungua mlango, shika mdomo wa dramu, inua na ushushe: ikicheza peke yake bila tanki kufuata, beringi zimekwisha. Izungushe kwa mkono, weka sikio. Kisha angalia nyuma, kwenye puli. Ukiona mchirizi wa kutu umeshuka kutoka katikati, ondoka, hata kama muuzaji anakushushia bei kila hatua unayopiga.

Bi mkubwa ananiambia nichukue ile ya mabeseni mawili, ya kuhamisha nguo kwa mikono, na kusema kweli sina hoja ya kumpinga. Taima za kuzungusha, kapasita, mkanda, mota mbili. Hakuna bodi. Haijali presha ya maji, unamimina hata kwa ndoo, wakati hizi za mlango wa mbele nyingi zinataka angalau baa 0.3 hadi 0.5, yaani simtanki liwe mita tatu hadi tano juu. Fundi wa feni anaitengeneza. Kasoro yake ni kwamba lazima mtu asimame pale, na nyingi za bei ya chini mota yake ni waya wa alumini badala ya kopa, ukiizidishia nguo inaungua. Ulizeni kopa, na muandikiwe kwenye risiti.

Kwa hiyo naomba vitu viwili. Mwenye kujua duka la Kariakoo au Gerezani linalouza spaida na sili kwa namba ya modeli, aweke mtaa hapa hadharani. Na mwenye mashine ya mlango wa mbele iliyovuka miaka 8 kwa maji ya kisima, ataje modeli, anatumia sabuni gani, na kama alishabadilisha beringi. Mawakala msije PM na picha za ofa. Mkija, njooni na picha ya mshono wa tanki.