Kiswidi, Kinorwe na Kideni: lugha tatu, au moja yenye bendera tatu?

Mtoto wa Kurasini (mleta mada): Wakuu, poleni na baridi. Niko Göteborg. Juzi kazini kaja fundi Mnorwe, kaongea Kinorwe chake, Waswidi wakamjibu kwa Kiswidi, wakataniana, kazi ikaenda. Hakuna aliyemtafsiria mwenzake. Sasa hizi zinaitwaje lugha tofauti? Chukua boksi lolote la nafaka za asubuhi usome viambato. Kinorwe na Kideni vimebanwa aya moja, wakifika kwenye maziwa wanachapa mkwaju tu, melk/mælk, wanaendelea. Kiswidi kwenye aya yake kinasema mjölk. Ngano ni hvete, hvede, vete. Mimi nasema ni lugha moja, wanasiasa ndio wameigawa. Labda Kideni tukiweke pembeni, maana kile ni Kinorwe cha mtu aliyejaza kiazi cha moto mdomoni. Nawasilisha.

Bibi Odense: Ulikuwa unaenda vizuri mpaka ulipofika kwenye kiazi. Hicho kiazi kila Mswidi anatembea nacho, na wewe umekiokota hapo kantini kwenu ukaja kukimwaga hapa. Mimi nahudumia wazee wa Kideni, usiku na mchana, wanaongea nami na wanaelewana wenyewe kwa wenyewe vizuri tu. Mwenye tatizo la masikio asisingizie midomo ya watu.

Mkunazini: Dada, tuliza mshono, hoja ipo. Norwe ilikuwa chini ya Denmark kwa karne nyingi, hadi 1814. Mahakama, vitabu, mahubiri, vyote vilikuwa kwa Kideni. Bokmål wanayoandika Wanorwe wengi leo ni kile Kideni cha maandishi, wakakirekebisha polepole kikafanana na wanavyotamka. Ndiyo maana boksi la mleta mada linabana hizo mbili pamoja. Ila wakifungua midomo mambo yanageuka. Mnorwe na Mswidi wote wana ile sauti ya kupanda na kushuka, na Mdeni hana, yeye anakata pumzi katikati ya neno na konsonanti za mwisho anazimeza. Norwe ipo katikati: kalamu ya jirani wa kusini, ulimi wa jirani wa mashariki.

Bibi Odense: "Anazimeza." Haya.

Fundi Bomba: Bibi usinune, hata jina lenyewe ni Kideni, utakilipa mpaka uzeekee huko. Mimi namba zao ndizo zilizonitoa nduki. Hamsini ni halvtreds, tisini ni halvfems, yaani nne na nusu mara ishirini! Nimekaa duka la dawa Aarhus na tiketi namba 92, wanaita "tooghalvfems, tooghalvfems", yaani mbili na tisini, mimi nasubiri namba yangu. Mswidi anasema nittiotvå, tisini-mbili, umechukua panadol yako umeondoka.

Bibi Odense: Halvfems mtoto wa darasa la kwanza anaijua, hakuna anayepiga mara ishirini kichwani. Wewe saa ya ukutani inaonyesha saba, unasema saa moja. Nani hapo ana matatizo ya hesabu?

Fundi Bomba: Usiguse saa yetu.

Pwani Tulivu: Hapo Bibi umevuka mpaka. Saa yetu inaanza na jua. Jua likitoka ni saa moja inaanza kuhesabika, kuna akili gani zaidi ya hiyo? Hawa wenzetu siku inaanza usiku wa manane watu wamelala.

Bibi Odense: Desemba hapa jua linatoka karibu na saa mbili na nusu, na saa tisa na nusu mchana giza limeshaanza kurudi. Njoo na saa yako ya jua.

Mkunazini: Tukirudi kwenye namba, Wanorwe nao walikuwa wanasema "mbili na ishirini" mpaka 1951, Bunge likaamua iwe "ishirini mbili". Sababu ilikuwa simu, namba za kuunganishiwa zilikuwa zinakosewa. Na bado mitaani utawasikia wanatumia ya zamani.

Mama Førde: Mnasema "Kinorwe" kama vile kipo kimoja. Mimi nilipangiwa huku magharibi mwa Norwe, darasani nikafundishwa Nynorsk. Ivar Aasen alizunguka vijijini karne ya 19 akikusanya lahaja, akatengeneza maandishi yasiyotokana na Kideni, na 1885 Bunge likayapa hadhi sawa na yale mengine. "Mimi" ni eg, "sio" ni ikkje. Nenda Oslo uone, jeg na ikke. Kwa hiyo mleta mada ongeza bendera, au ongeza lugha.

Dereva wa Tramu: Mama, Nynorsk ni ya wachunga kondoo. Wanafunzi wa Oslo wanalalamika kila mwaka kwa nini wanalazimishwa kuisoma.

Mama Førde: Jon Fosse anaandika kwa hiyo hiyo ya wachunga kondoo, 2023 kapewa Nobeli ya Fasihi. Wewe na Bokmål yako umepewa nini?

Fundi Bomba: Faini ya maegesho.

Mtoto wa Kurasini: Naona tumehama. Mkunazini, nijibu hili: Skåne, huku kusini mwa Uswidi, ilikuwa Denmark mpaka 1658. Mpaka ukasogezwa, leo watu wale wale wanaitwa Waswidi na wanaongea "Kiswidi". Huo si usiasa ni nini?

Mkunazini: Ni usiasa, sikatai. Lakini shule na kanisa zimefanya kazi kwa zaidi ya miaka 350, huwezi kusema imebaki bendera tu. Na huyo fundi wako usimfanye kipimo. Mnorwe anakua amezungukwa na lahaja, kila bonde na yake, na wasomaji wa habari hawaoni aibu kuziongea. Sikio lake limezoea. Watafiti walipowapima mwanzoni mwa miaka ya 2000, kati ya mataifa hayo matatu Wanorwe ndio walioongoza kuelewa majirani. Angekuja kijana wa Copenhagen hapo kantini kwenu, wangehamia Kiingereza mapema sana.

Shangazi wa Malmö: Si lazima. Mimi navuka daraja la Øresund kwenda kazini Copenhagen. Naongea Kiswidi, wananijibu Kideni, tunaelewana. Miezi ya mwanzo nilikuwa naitikia kwa kichwa tu. Vijana ndio wavivu, wakikwama neno moja wanakimbilia Kiingereza.

Dereva wa Tramu: Na Finland je? Iceland?

Mkunazini: Kifini kitoe kabisa, ndugu yake ni Kiestonia, japo Kiswidi ni lugha rasmi pale. Kiaislandi ni wa ukoo huu huu, ila Mswidi akikisikia anaambulia neno mojamoja. Watoto wa kule wanasoma Kideni shuleni.

Bibi Odense: Mmesikia? Kideni kinasomwa mpaka Iceland. Kiazi hicho hicho.

Pwani Tulivu: Bibi, bado hujanijibu. Siku inaanza vipi usiku wa manane?

Bibi Odense: Nipo zamu ya usiku, ikianza nitakuambia.