Tupeane uzoefu: nzi, kupe na vidonda vya ngozi kwa punda na farasi huku kwetu Tanga na Bagamoyo

Mchukuzi wa Pongwe

Wakuu, salaam. Niko Pongwe, nafuga punda wa kubeba maji na mchanga. Walikuwa watatu, sasa wamebaki wawili. Yule jike sikumpoteza kwa ugonjwa, nilimpoteza kwa dawa.

Alikuwa na kupe masikioni na chini ya mkia. Nikaenda duka la dawa za mifugo, nikauziwa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Niliuliza kama inafaa kwa punda, nikajibiwa "mnyama ni mnyama". Nikampulizia mwili mzima. Kesho yake hakugusa majani. Siku ya pili akawa analala na kuinuka, anageuza shingo kutazama ubavu wake, kinyesi hakitoki. Bwana mifugo alipofika, kabla hata hajamgusa aliomba chupa. Akasoma: amitrazi. Akanieleza kwamba ng'ombe anaivumilia, ila kwa punda na farasi inasimamisha utumbo, chakula kinagandamana ndani. Alikufa alfajiri ya siku ya nne, mimi nimekaa naye.

Kwa hiyo naomba tusitajiane dawa tupu. Eleza uliona nini, sehemu gani ya mwili, mnyama alikuwa anasumbuka saa ngapi, na ulifanya nini.

Mwenyeji wa Mkange

Pole sana mkuu. Mimi niko Mkange, jirani na hifadhi ya Saadani, na huku adui ni mbung'o. Punda wangu alikuwa anakula vizuri lakini anakonda. Mbavu zikahesabika, ufizi ukawa mweupe, chini ya tumbo pakavimba kama amefungiwa mkate. Homa inakuja, inaondoka, nawe unadhani amepona. Daktari wa mifugo alichukua damu, akakuta vijidudu vya ndorobo, ugonjwa unaoletwa na mbung'o.

Alichomwa sindano, lakini daktari alipima kwanza uzito kwa utepe wa kuzungusha kifuani. Alisema dawa ile ina ukali, na kwa punda umbali kati ya dozi ya kuponya na dozi ya kudhuru ni mdogo kuliko kwa ng'ombe. Msijichomee wenyewe.

Jambo jingine alilogundua: shogi zangu, yale matandiko ya kubebea mizigo, nilikuwa nimezifunika turubai la buluu. Mbung'o anavutwa na buluu na nyeusi, ndiyo maana hata mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Nilikuwa namtembeza punda porini amevaa mtego! Sasa natumia gunia la kawaida.

Mlezi wa Farasi, Pangani

Nimelea farasi wawili wa wageni ufukweni kwa miaka minne. Mmoja alikuwa anajisugua kwenye mnazi mpaka singa zote zikaisha, na shina la mkia likawa na magamba na damu. Tulimtibu upele miezi miwili, hakuna kitu. Siku moja nikakaa naye tu, nikimtazama tangu saa nane mchana. Mchana alikuwa ametulia. Jua lilipoelekea kuzama, upepo ukakata, akaanza. Nilipoweka mkono shingoni nikaona usubi, vidogo kama punje za pilipili manga iliyosagwa.

Ni mzio wa mate ya usubi. Anayeugua huumwa kila msimu, na huwezi kuuondoa, unaupunguza. Tulihamisha banda mbali na mkoko na maji yaliyotuama, tukawa tunamwingiza kabla ya magharibi na kumtoa jua likishapanda, tukamwekea feni. Usubi hawana nguvu ya kuruka, upepo wa feni unawashinda. Kwa matumizi yangu, feni ilisaidia kuliko makopo yote ya dawa.

Akipiga-piga miguu mchana kweupe, hao si usubi, ni nzi wa kuuma. Wanazaliana kwenye majani yanayooza yaliyochanganyika na mkojo. Zoa banda kila siku na utandaze samadi nyembamba juani ikauke.

Mama wa Muheza

Shikamooni wakubwa. Wa kwangu alichubuka kwenye kona ya jicho. Kidonda kikawa hakifungi, nyama nyekundu inaota juu yake, na ndani nikaona chembe za manjano kama mchele mdogo. Mume wangu akapaka oili chafu, maana ndivyo tulivyokuta wazee wakifanya. Pakawa pabaya zaidi, ngozi ikababuka mpaka shavuni.

Daktari alisema ni minyoo ya tumbo la farasi na punda. Watoto wake wanasafiri na nzi, nzi anatua penye majimaji, anawaacha pale, nao wanapotea njia ndani ya nyama. Tulimnywesha dawa ya minyoo, aivamektini, mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito, ile ya kunywa, siyo ya sindano ya ng'ombe. Kidonda tukaosha kwa maji ya chumvi. Nikamshonea kitambaa cha nyuzi cha kuning'inia usoni, nzi wasitue. Wiki ya tatu kikaanza kukauka.

Ila akaniambia pia: ikiwa uvimbe unafanana na huo na hausikii dawa, usiukate kwa wembe. Unaweza kuwa uvimbe wa ngozi unaoletwa na virusi vya ng'ombe, na ukiukata nusunusu unarudi mkubwa zaidi.

Mchukuzi wa Pongwe

Asante mama. Hii ya kona ya jicho imenigusa, nitarudi. Je, wakati wa masika mnaona nini kwenye ngozi?

Mwenyeji wa Mkange

Masika ni magamba ya mgongoni. Ukilivuta gamba linatoka na kishungi cha nywele kama brashi ya rangi, chini pabichi. Usimwekee shogi juu yake. Osha kwa iodini, mkaushe, asinyeshewe. Choa ni tofauti, lenyewe ni duara lisilo na nywele, na linaambukiza mpaka watoto wa nyumbani, kwa hiyo kila punda na brashi yake.

Mkazi wa Kaole

Niongeze kitu cha hapa kwetu. Stanley, yule mwandishi aliyekwenda kumtafuta Livingstone, alipoondoka Bagamoyo Machi 1871 alikuwa na farasi wawili, wote wakafa safari ikiwa changa. Mmoja alipopasuliwa, tumboni mlikutwa minyoo mifupi, minene, myeupe, imeng'ang'ania ukuta wa tumbo. Kwa sifa hizo mimi naona ni mabuu ya yule nzi anayetaga mayai ya manjano kwenye nywele za miguu ya mbele. Mnyama anajilamba, anayameza. Ukiyaona, yakwangue kwa kisu butu kila siku.

Na mbung'o wanashindika. Unguja waliisha, ikatangazwa 1997, na madume tasa yaliyomwagwa kwa ndege yalikuzwa hapohapo Tanga, kwenye taasisi ya utafiti wa mbung'o.

Mchukuzi wa Pongwe

Nimerudi wakuu. Nimetoka kumkagua dume langu kwa tochi. Kona ya jicho la kushoto ina mchubuko wa ukubwa wa punje ya mahindi, niliuona wiki mbili sasa nikadhani ni mwiba. Nimeusafisha kwa maji ya chumvi, nikaupanua kidogo kwa kidole. Zipo, chembe tatu za manjano. Sijapaka chochote. Nimekata chandarua cha zamani nimemfunga usoni, amekubali baada ya kukitikisa kidogo. Kupe wa masikioni nawatoa kwa mkono, jioni hii nimetoa kumi na mmoja. Bwana mifugo anakuja Alhamisi asubuhi, nitawaletea alichosema.